Nani Anunue Umeme Tarehe Mosi?

Mjomba wangu wa Idodi hasomi meseji, anasomewa. Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2024 nilikuwa kwake, tumekaa barazani tunasubiri jua lipungue ndipo twende tukaone mpunga, simu yangu ikalia. Ilikuwa LUKU. Kule Iringa mjini ninakopanga ilikuwa zamu yangu ya kununua umeme, na wenzangu walishanipigia mara mbili kunikumbusha, basi nikanunua wa elfu tano nikiwa hukohuko kijijini ili niwatumie namba.

"Soma," mjomba akasema. Anapenda kusomewa chochote, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea.

Nikasoma. Uniti tisa na pointi.

"Elfu tano siku zote inakupa uniti ngapi?"

"Kama kumi na nne hivi."

"Na hizo nyingine?"

"Wamekata kodi ya jengo."

Akanigeukia. "Umejenga, mpwa wangu, na hukutuambia?"

"Hapana mjomba. Nimepanga."

"Sasa kama umepanga, kodi ya nyumba si unampa mwenye nyumba?"

"Hiyo nampa. Hii ni kodi ya jengo."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza swali ambalo nimekaa nalo hadi leo, ndilo lililonileta hapa kuandika: "Na huyo unayemlipa ya jengo, yeye anajua kwamba ni wewe unayelipa?"

Nilianza kumjibu kwa kujiamini na nikaishia njiani. Ndugu msomaji, hebu tulifuate swali hilo polepole, maana limebeba mambo mengi kuliko hizo shilingi 1,500 zilizokatwa.

Kwanza lugha. Kiswahili chetu, chenye maneno matatu ya wali kabla haujafika mezani (mpunga, mchele, wali), kimeridhika na neno moja kwa vitu viwili ambavyo watu wa sheria wangetaka viachane kabisa. Ninachompa mama mwenye nyumba kila miezi mitatu ni kodi. Ninachoipa serikali ni kodi. Yupo anayesema "pango" akitaka kutofautisha, lakini mtaani hakuna anayesema "nimelipa pango". Nilikuwa nikidhani huo ni upungufu wa lugha. Siku hizi sina hakika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; sisi wengine tuna haki ya kuikalia na kuitumia. Mwenye kiwanja mjini analipa kila mwaka kitu kinachoitwa, rasmi kabisa, pango la ardhi. Kwa hiyo mama mwenye nyumba wangu naye ni mpangaji. Ana mwenye nyumba wake, mkubwa zaidi, asiyegonga mlango. Waliotuachia neno moja huenda waliona kitu.

Na waliliona kwa macho yao. Ukitoka Iringa kuja Idodi unapita Kalenga, yalipokuwa makao ya Mkwawa, ambako fuvu la kichwa chake lilirudishwa mwaka 1954. Unaendelea hadi unapita njia ya kwenda Mlambalasi, alikozikwa kiwiliwili. Alijipiga risasi Julai 1898. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanaanza kutoza kodi ya vibanda waliyoitungia sheria mwaka uliotangulia: rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba ya shamba. Angalia hesabu yenyewe ilivyokuwa. Hawakuuliza nyumba ina thamani gani, wala aliyemo ana nini. Walihesabu mapaa. Kibanda ni kibanda, rupia tatu. Wanahistoria wameeleza jinsi watu, sehemu nyingi za Afrika Mashariki, walivyoijibu hesabu hiyo kwa hesabu yao: wakabanana. Familia mbili chini ya paa moja, kijana aliyeoa akachelewa kujenga. Waingereza nao, huko kwao, walikuwa wametoza kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha kwa matofali wakaishi gizani. Mtu akihesabiwa kitu, anakipunguza kitu hicho. Akipunguza hewa yake mwenyewe au mwanga wake mwenyewe, hilo mwenye daftari halimhusu.

Nikimsimulia mjomba haya alinikatisha: "Na ninyi huko mjini mnapunguza nini?"

Tunapunguza umeme, mjomba. Nyumba yetu ina vyumba sita, wapangaji watano na mama mwenyewe kwenye chumba cha mbele. Mita ni moja. Kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayenunua wa pili anapata uniti zake kamili. Kwa hiyo tarehe 29 au 30 kila mtu anaanza kuangalia mita kama anavyoangalia mgonjwa. Tarehe mosi ikifika umeme umekwisha, hakuna anayenunua. Kaka wa chumba cha tatu, fundi pikipiki, anasema hajalipwa. Dada anayeuza mitumba anasema friji hana, kwa hiyo umeme si wake. Mimi natia simu chaji kazini. Kuna mwezi tulikaa siku mbili na mishumaa, watu wazima sita wenye kazi zao, kwa ajili ya shilingi 1,500. Mwishowe tukaweka zamu na kuiandika kwenye karatasi nyuma ya mlango wa korido. Gawanya kwa watano na ni shilingi 300 kila mmoja, bei ya vitumbua vichache. Tulikuwa hatugombei pesa. Tulikuwa tunakataa, kila mmoja kwa siri yake, kuwa yule aliyelipa deni la mwingine bila hata kuambiwa ahsante.

Maana sheria yenyewe haitudai sisi. Kodi ya majengo anadaiwa mwenye jengo.

Niliingia kusoma habari zake na hapa nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu historia yake ni kama ya mtoto anayelelewa nyumba hii na ile. Sheria ya mwaka 1983, inayohusu mamlaka za miji, ilizipa halmashauri uwezo wa kuthamini majengo na kutoza kwa thamani. Mthamini anakuja, anakadiria gharama ya kulijenga jengo hilo upya leo, anatoa uchakavu, anaandika kwenye daftari la uthamini. Halmashauri inapanga asilimia. Mwenye jengo anapata hati na ana haki ya kupinga. Pale ambapo uthamini haukufanyika, na ni sehemu nyingi, walitoza kiwango kimoja kwa wote. Mwaka 2016 ukusanyaji ukapelekwa TRA. Mwaka 2018 vikaja viwango sawa vya nchi nzima: shilingi 10,000 kwa jengo la kawaida, na kwa ghorofa za mijini 50,000 kwa kila sakafu. Nyumba za tope, za nyasi na tembe zikaachwa, jambo la kiungwana. Agosti 2021 ikahamia kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda: 1,500 na 7,500. Ndiyo hiyo 18,000 kwa mwaka.

Sasa tazama. Nyumba yetu ya vyumba sita, bati limeshika kutu, choo cha nje: 18,000. Mtaa wa juu kuna jumba la chini, halina ghorofa, lina vigae, geti la umeme na bustani inayomwagiliwa mchana wa jua kali: 18,000. Usawa wa namna hii tumeuona. Ni mapaa yanahesabiwa tena.

Nilikuwa na jibu langu tayari: turudi kwenye thamani. Tuseme, kwa mfano tu, kodi iwe sehemu moja kwa elfu ya thamani. Nyumba ya milioni 18 italipa 18,000 ileile, na ile ya milioni 300 italipa laki tatu. Haki imepatikana, tufunge kitabu.

Lakini nilipomweleza mama mwenye nyumba, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu, aliniangalia kwa muda. Nyumba yake aliijenga na marehemu mumewe miaka ya themanini, mtaa ukiwa bado mashamba ya mahindi. Leo hatua chache kutoka mlangoni kuna lami, benki na hoteli. Jengo ni bovu, lakini mahali ni pazuri, na mthamini yeyote akipita hapo hataliacha jicho lake kwenye kutu ya bati. "Mwanangu," akasema, "hiyo thamani naila wapi? Mimi nakula kodi yenu. Wakinipandishia, nitawapandishia." Na ni kweli. Thamani ya nyumba si ugali. Mtu anaweza kuwa tajiri kwenye daftari na akakosa chumvi. Wazee waliotimiza miaka 60 wamesamehewa kwa nyumba wanayoishi wenyewe isiyowaingizia kipato, ila yeye ana sisi. Sisi ndio kipato. Tukihama sote, atasamehewa, na hatakuwa na cha kula.

Henry George, yule Mmarekani aliyeandika mwaka 1879 juu ya maendeleo na umaskini, angesema tusilitoze jengo hata kidogo, tuitoze ardhi, kwa sababu uzuri wa mahali haukuletwa na mwenye nyumba bali na jamii iliyomzunguka. Namkubali kichwani. Lakini kila nikimkubali namwona mama yule na kanga yake, anapepeta mchele mlangoni, juu ya ardhi ambayo jamii imempandishia thamani bila kumuuliza.

Kwa hiyo suala la hesabu limenishinda kidogo, sioni aibu kusema. Kiwango sawa kinamwonea mnyonge. Thamani inamwonea mjane. Kuna sifa za LUKU pia, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Adam Smith, mwaka 1776, alitaja sifa nne za kodi njema: iwiane na uwezo wa mlipaji, ijulikane wazi, itozwe kwa wakati na njia inayomfaa mlipaji, na isimalize pesa zake katika kukusanywa. Hebu ipime. Inajulikana: kila mtu mtaani anaweza kukutajia 1,500. Njia yake ni rahisi kuliko kupanga foleni. Kuikusanya hakugharimu karibu chochote, na hakuna mkadiriaji wa kupewa "ya soda" ili aandike chumba kimoja badala ya sita. Tatu kati ya nne. Kwa mtihani wa shule hiyo ni alama nzuri sana.

Ila ninavyofikiri, kuna kitu hakimo katika mizani ile. Mjomba ndiye aliyekitaja: anajua kwamba ni wewe?

John Stuart Mill alikaribia hapo. Aliona kwamba watu wengi hupenda kodi zisizoonekana, zilizofichwa ndani ya bei ya vitu, na kwamba kama kodi zote zingekuwa za wazi, za kutoa mkononi, watu wangezihisi zaidi na wangekuwa wakali zaidi juu ya matumizi yake. Yaani ule uchungu wa kutoa una kazi. Ukiufuta uchungu, umefuta na jicho. Risiti ya LUKU ni mahali pazuri pa kufutia: kuna VAT, kuna REA asilimia 3, kuna EWURA asilimia 1, na katikati ya hizo umejipenyeza mtaro wako, taa ya mtaa wako, gari la taka. Nani atasimama barabarani kuuliza habari ya mtaro kwa sababu alinunua uniti tisa?

Nilisema hayo barazani na mjomba akaniambia kisa cha kijijini. Ni kijiji kimojawapo cha tarafa hii, jina lake tuliache. Walichangishana kujenga darasa. Kila kaya ililetewa kiwango, na asiye na pesa alitoa mchanga, maji, au siku za kazi. Michango hii, tusidanganyane, haikuwa kitu kitamu. Mgambo walipita, na wapo waliochukuliwa kuku. Nyumba ya mjomba ni ya matofali ya kuchoma na bati, taa zake ni za sola, na hajawahi kuletewa hati yoyote ya kodi ya jengo. Lakini kwa michango amelipa vya kutosha, na ana daftari.

Basi siku ya mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao sheria inataka ufanyike kila miezi mitatu, mapato na matumizi yakasomwa. Saruji mifuko arobaini. Akasimama mama mmoja wa makamo, hana cheo chochote, akasema: "Mimi niliyabeba maji ya kuchanganyia. Mifuko niliihesabu. Ilikuwa thelathini na sita." Kimya. Mhasibu akasoma tena. Yule mama akarudia palepale: thelathini na sita. Mkutano haukuendelea na ajenda nyingine siku hiyo. Mwisho ikaonekana minne ilikopeshwa kwenye ujenzi wa mtu, ikarudi wiki iliyofuata, kwa mkokoteni, mchana, watu wakiona.

"Yule mama alitoa shilingi ngapi?" nikauliza.

"Hata mia hakutoa. Alitoa maji."

Nimeufikiria sana mkokoteni ule. Mama yule hakuwa na elimu ya kuliko mhasibu. Alikuwa na ndoo ishirini kichwani mwake. Alijua alichotoa, alijua alimpa nani, alijua kilikwenda kuwa nini, na siku ya kuulizana alikuwepo. Mimi mwenye shahada nimelipa kodi ya jengo miezi yote ya zamu yangu na sijui hata moja kati ya hayo manne.

Kuna atakayesema nchi haiendeshwi kwa ndoo. Kweli. Halmashauri ina maelfu ya kaya, mji una wageni, na siwezi kusimama kwenye kila mfuko wa saruji. Tena ukiachia kila mahali pajitegemee kwa kile kinachopatikana hapo, Iringa mjini patapata taa na Idodi patabaki na mwezi. Ndiyo hoja nzuri kuliko zote ya kuipeleka kodi hii juu, kwenye mfuko mkuu, na kurudisha sehemu huku chini: anayepata amgawie asiyepata. Sina ugomvi nayo. Hapa Idodi tunaijua hoja hiyo kwa namna yetu, maana tumezungukwa na wanyama ambao watalii wanalipa dola kuwaona Ruaha, na vijiji 21 vya Idodi na Pawaga viliungana kwenye MBOMIPA ili angalau sehemu ya faida ya wanyama wale ibaki kwa watu ambao tembo wanakula mpunga wao. Watu wa huku wanaujua mgao, na wanajua kuuliza "yetu iko wapi?"

Lakini angalia kinachotokea kwenye hesabu pesa ikisafiri kwenda na kurudi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne, mbili. Ya ndani. Chanzo kikihamishiwa juu, kile kikapu cha asilimia 10 kinapungua, hata kama kitu fulani kitarudi baadaye kwa jina lingine. Diwani ukimuuliza atakwambia kwa haki kabisa kwamba pesa hiyo hakuikusanya. Aliyeikusanya atakwambia kwa haki kabisa kwamba mtaro si kazi yake. Wote wanasema kweli. Hakuna mwizi katika kisa hiki, na kwa sababu hiyo hakuna wa kumwambia thelathini na sita.

Shaaban Robert alifanya kazi ya ukarani Forodhani kwa miaka mingi, akipokea ushuru wa wakoloni mchana, na nadhani si bahati tu kwamba nchi aliyoibuni katika *Kusadikika* inaelea angani. Kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa dirisha la ushuru, serikali inaonekana hivyo: iko juu, ina sheria, ina mawaziri, na miguu yake haigusi popote unapoweza kuweka ngazi. Hii ni tafsiri yangu ya mpangaji, wahakiki wanisamehe.

Niliporudi mjini baada ya Pasaka nilimwendea mama mwenye nyumba na lile swali dogo: hii 1,500 ya zamu yangu, tuikate kwenye kodi? Nilijua sheria iko upande wangu. Nilijua pia kwamba mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya sare. Nilisimama mlangoni nikijiona nina haki na nikijiona mdogo, vyote kwa pamoja.

Hakukasirika. Alisema, "Kata. Yako ni yako." Halafu akaongeza: "Lakini nawe unisindikize Jumamosi kwenye mkutano wa mtaa. Mimi nikiongea peke yangu wananiona bibi."

Tulikwenda. Kulikuwa na watu kama thelathini na viti kumi na viwili. Ilipofika "mengineyo" alinisukuma kwa kiwiko, nikasimama, nikaeleza kwamba nyumba yetu inalipa kodi ya jengo kila mwezi na mtaro wa mbele umeziba tangu masika iliyopita, na kwamba tungependa kusomewa kilichokusanywa mtaani kwetu na kilichorudi. Mwenyekiti, mtu mpole, alisikiliza hadi mwisho. Akasema kodi hiyo haipiti kwake. Akasema mtaro una wenyewe. Akauliza kwa dhati, bila dharau: "Kwani kaka, wewe una nyumba hapa?"

Nikasema hapana, nimepanga.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alisimama taratibu, akishikilia mgongo wa kiti cha mbele, akasema: "Huyu ndiye analipa. Mwandike."

Katibu akatazama daftari lake la mihtasari, akamtazama mwenyekiti, kisha akaniomba jina.